Pembe ya Ndovu ni Jino

Nina deni la alama mbili ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 1987, na leo, kwa idhini yako msomaji, nataka kulilipa hadharani. Mwaka huo nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi hapa Bonde la Ufa, nikifundisha Kiswahili na Sayansi darasa la sita. Niliwapa wanafunzi insha juu ya mnyama wampendaye. Mvulana mmoja akaandika kwamba ndovu ana meno mawili marefu yatokayo nje ya kinywa. Nilichukua kalamu nyekundu, nikayakata maneno yale, nikaandika pambizoni kwa herufi kubwa: PEMBE. Kisha nikamwondolea alama mbili.

Alikuja mezani kwangu na daftari lake mkononi. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "shangazi yangu anakaa Arusha, na kule watu husema meno ya tembo." Nilimjibu kwamba akienda Arusha aandike ya Arusha, lakini akiwa darasani mwangu aandike Kiswahili sanifu. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alirudi kuketi, na kwa muda wote uliosalia wa mwaka ule sikumbuki kama aliwahi kuinua tena mkono wake.

Nimestaafu sasa, na yamkini ningeendelea kulisahau jambo hilo laiti si safari moja ya muhula uliopita. Mwalimu mmoja wa sayansi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliniomba niandamane na vijana wake wa shule ya upili kuzuru Kariandusi, kile kituo cha mambo ya kale kilichoko kati ya Gilgil na Ziwa Elementaita, ambacho Louis Leakey na wenzake walikigundua mwishoni mwa miaka ya 1920. Tuliyaona mashoka ya mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale, mengine ya kioo cheusi cha volkeno, yakiwa yangali yamelala pale pale yalipofukuliwa. Vijana waliuliza maswali machache, wakapiga picha nyingi, na saa sita ilipopita wakaanza kuulizana juu ya chakula kwa sauti ambayo sisi wazee tulikusudiwa tuisikie. Tukapanda barabara kuu kurudi Kikopey.

Mtu yeyote aliyesafiri kati ya Nairobi na Nakuru anaijua Kikopey kwa pua kabla ya kuijua kwa macho. Moshi wa nyama choma umetanda kandokando ya barabara, magari yamejipanga, na kule chini ziwa linameremeta. Wakati nyama yetu ikichomwa, baadhi ya vijana walizunguka nyuma ya jiko, ambako mpishi alikuwa ametia vichwa vya mbuzi katika sufuria kubwa ya supu. Alikuwa akikitoa kichwa kimoja, akaishika pembe kwa kitambaa, akaizungusha kidogo, nayo ikachomoka mithili ya soksi mguuni. Ndani yake kulibaki mfupa mweupe, umesimama juu ya fuvu.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alikitazama kile kichwa kwa muda, kisha akanigeukia. "Mwalimu, pembe ya mbuzi inatoka utosini. Mbona ya ndovu inatoka mdomoni?"

Nilitaka kumjibu haraka, kama tulivyozoea walimu. Nikalikumbuka lile daftari la mwaka 1987.

Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana katika lugha yetu vitu vitatu visivyohusiana hata kidogo vinaitwa kwa jina moja. Pembe ya mbuzi, ya ng'ombe au ya nyati ni mfupa uliochomoza kutoka fuvuni, ukavikwa ala ya keratini, yaani ile ile mali ambayo kucha zetu na nywele zetu zimeundwa kwayo. Ukichemsha kichwa, ala inaachana na mfupa, kama tulivyoona pale Kikopey. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani yake. Ni keratini tupu iliyoshikamana juu ya pua. Ama pembe ya ndovu, hiyo si mfupa wala si keratini. Ni jino. Ni jino la mbele la taya la juu, ndugu wa meno yale tunayoyatumia sisi kung'atia muwa, isipokuwa limerefuka, likapita midomo, likaendelea kukua mpaka siku ya kufa kwa mwenyewe. Ndama wa ndovu huota kwanza vijino viwili vidogo vya utotoni, virefu kiasi cha kidole, navyo hung'oka akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja ili kuyapisha meno ya kudumu. Ni yale yale yaliyotupata sisi sote tulipokuwa na miaka sita au saba.

Na kama lilivyo jino lolote, pembe ya ndovu ina shina ndani ya taya. Takriban theluthi moja ya urefu wake imezama ndani ya fuvu, na katika shina hilo mna uwazi uliojaa nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Ndiyo sababu jangili hawezi kuikata pembe yote kwa msumeno nje ya mdomo akatosheka. Huupasua uso wa mnyama kwa shoka ili aipate theluthi iliyofichika. Anayedhani kwamba kuondoa pembe ni kama kukata kucha na azingatie jambo hilo.

Kwa nini basi tunasema pembe? Jibu langu, na ni maoni yangu tu, ni kwamba jina hili tulipewa na biashara. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliipokea bidhaa hii ikiwa imekwisha kutengwa na mnyama, imebebwa mabegani na wapagazi kutoka bara, imelazwa juu ya mizani Bagamoyo au Mombasa au Unguja. Mfanyabiashara aliona kitu kirefu, kilichopinda, chenye ncha, kinachofanana na pembe. Hakuhitaji kujua kilitoka sehemu gani ya kichwa. Hata ile Siwa maarufu ya Pate, baragumu la kifalme lililochongwa kwa pembe ya ndovu na ambalo limehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu, hupulizwa kama pembe ya mnyama mwingine yeyote. Kazi ikawa moja, na jina likawa moja.

Lakini wale walioishi karibu na ndovu mwenyewe hawakuchanganya. Wakikuyu, ambao ni wengi katika vijiji vinavyoizunguka Kikopey, huiita pembe ya ng'ombe ruhia na ya ndovu muguongo, maneno mawili mbalimbali. Na wana methali isemayo Njogu ndiremagwo ni miguongo yayo, kwamba ndovu hashindwi na mzigo wa pembe zake. Nao ndugu zetu wa Tanzania, katika magazeti yao na hata katika mahakama zao, huandika meno ya tembo bila ya kusita. Sisemi kwamba Wakenya tuache kusema pembe za ndovu. Neno limezoeleka, na lugha haiongozwi na mikasi ya wanasayansi. Nasema tu kwamba mtoto aliyeandika meno mwaka 1987 alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mwalimu wake.

Sasa turudi kwa yule msichana, kwa sababu swali lake lina swali jingine tumboni. Ikiwa pembe ya ndovu ni jino, jino liligeukaje likawa kitu kile?

Wanyama wenye meno ya namna hii ni wengi, wala hatukuhitaji kwenda mbali kuwatafuta. Katika mbuga za Soysambu kando ya Elementaita, na katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ngiri hupita mchana kweupe na mapembe yake yaliyopinda kuelekea juu. Hayo ni chonge, si meno ya mbele kama ya ndovu. Kule Naivasha kiboko akipiga miayo utaziona chonge zake za taya la chini, zilizo ngumu kupita kiasi. (Rais wa kwanza wa Marekani, George Washington, alivaa meno ya bandia yaliyochongwa kwa meno ya kiboko, wanaosema yalikuwa ya mti wamepotoka.) Na mjini Nakuru kwenyewe kipo kilima cha Hyrax Hill, ambacho Mary Leakey alikichimbua mwaka 1937 na 1938, nacho kimepewa jina la pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura, mwenye vijino viwili vya juu vilivyochongoka ambavyo havikomi kukua. Mwanafunzi akiambiwa kwamba jamaa wa karibu wa ndovu miongoni mwa wanyama walio hai ni huyu pimbi pamoja na nguva wa baharini, hucheka. Basi acha acheke, kisha amfungue pimbi kinywa.

Nyani je? Jina la Kikopey lina sifa yake katika elimu ya nyani, kwa maana ni katika ranchi ya Kekopey, hapa hapa, ambapo Shirley Strum alianza kuwachunguza nyani mwaka 1972, mpaka walipohamishiwa Laikipia mwaka 1984 kwa sababu mashamba yalikuwa yameongezeka na ugomvi baina yao na wakulima umezidi. Nyani dume ana chonge ndefu za kutisha, naye huzinoa kwa kuzisugua juu ya jino la chini. Hata hivyo chonge zile si pembe. Zina kikomo cha kukua, na zimefunikwa kwa enameli kama meno yetu. Strum aligundua pia kwamba dume aliyefaulu hakuwa lazima yule mwenye meno makali. Urafiki na majike na watoto ulimfaa zaidi. Hilo naliacha kwa walimu wenzangu walitumie wapendavyo.

Hapo tumeigusa enameli, na ndiyo kiini cha habari yote. Mwaka 2021 kundi la wataalamu likiongozwa na Megan Whitney lilichapisha utafiti juu ya asili ya meno haya, na ikawabidi kwanza waamue nini hasa kiitwe kwa jina hilo. Walikubaliana juu ya mambo kadhaa: jino litokeze nje ya kinywa, liendelee kukua maishani, liwe limeundwa kwa dentini bila ya kufunikwa kwa enameli, na lishikiliwe tayani kwa kano laini badala ya kugandamana na mfupa. Enameli ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini, lakini ina kasoro moja kubwa: ikikwisha kuundwa, haiongezwi wala haitengenezwi. Ikipasuka, imepasuka. Dentini ni laini kidogo, lakini mwili huweza kuizidisha kila siku kutoka ndani. Mnyama anayechimba ardhi, anayepigana, anayeng'oa magome ya miti, meno yake yatavunjika tu. Kwake yeye ni afadhali jino lisilo gumu sana lakini linaloendelea kukua kuliko jino gumu ambalo likivunjika basi. Ndovu huliongeza jino lake kwa takriban sentimita 17 kila mwaka. Anapolivunja ncha, hulikuza upya kutoka shinani.

Wataalamu wale hawakuanzia kwa ndovu. Walianzia kwa wanyama wa kale mno waitwao disinodonti, walioishi kati ya miaka milioni 270 na milioni 200 iliyopita, wengine wao kabla dinosaria wa kwanza hajatembea duniani. Walikuwa na umbo kama la nguruwe, mdomo kama wa kobe, na wengi wao walikuwa na meno mawili tu, moja kila upande, yakitokeza chini ya mdomo. Wala hili si jambo la ng'ambo. Katika bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania karibu na Ziwa Nyasa, visukuku vya wanyama hao vimekuwa vikikusanywa tangu miaka ya 1930. Wa zamani zaidi kati ya disinodonti walikuwa na chonge za kawaida zenye enameli. Kadiri vizazi vilivyopita, katika koo zao kadhaa, kila ukoo peke yake, enameli ilitoweka na jino likawa la kukua daima. Yaani kitu hiki kilitokea mara nyingi, kwa wanyama wasioigana, kwa kuwa shida ilikuwa moja na mwili una njia chache za kuitatua.

Ukoo wa ndovu ulianza safari yake baadaye sana. Nchini Morocco kumepatikana mabaki ya mnyama wa miaka milioni 60 hivi iliyopita, mdogo kuliko mbuzi tuliyemla, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yameanza tu kuyazidi mengine kwa ukubwa. Huko Fayum, Misri, wapo wa baadaye wenye meno yaliyorefuka zaidi. Halafu historia inaingia nyumbani kwetu. Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, kulipatikana taya la jamaa mmoja wa ndovu ambaye alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1911. Huyu hakuwa na pembe za juu kabisa. Alikuwa na mbili kwenye taya la chini, zimepinda kuelekea ardhini kama jembe. Kizazi chake kiliishi Afrika Mashariki mpaka kiasi cha miaka milioni moja iliyopita. Huenda watu wa Kariandusi, au babu zao, walimwona. Na kule Lothagam, Turkana, alikuwako ndovu wa miaka milioni saba hivi iliyopita mwenye pembe nne, mbili juu na mbili chini. Baada yake taya la chini likafupika, pembe za chini zikatoweka, na mkonga ukachukua kazi yake. Tunachokiona leo Tsavo au Amboseli ni tawi moja lililosalia la mti uliowahi kuwa na matawi mengi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka ieleweke ni kazi ya muda gani. Pembe ile si pambo. Katika mapango ya Mlima Elgon, hasa lile la Kitum, ndovu huingia gizani usiku, wakapapasa kwa mikonga, wakabanja ukuta wa mwamba kwa meno yao ili wapate chumvi. Kuta zimejaa alama za mikwaruzo yao. Wakati wa kiangazi huchimba mchangani mwa mito iliyokauka mpaka maji yakatoka, na wanyama wengine huja kunywa baada yao.

Tulipofika hapo katika mazungumzo yetu pale Kikopey, nyama ilikuwa imekwisha kuletwa na kuliwa, na yule mpishi akaniuliza, "Mwalimu, hawa watoto wamekuja kula au kusoma?" Nikamwambia ni vyote viwili. Ndipo mvulana mmoja, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, akasema kwamba amesikia siku hizi ndovu wengine huzaliwa bila pembe. "Waliona pembe zinawaponza," akasema, "wakaamua kuziacha."

Walimu wenzangu mnalijua jibu hili. Tumelisahihisha mara mia, na tutalisahihisha mara mia nyingine. Habari aliyoisikia kijana ni ya kweli. Sababu aliyoitoa ndiyo yenye kosa.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na ndovu zaidi ya laki moja. Kufikia mwaka 1989, mwaka ambao Rais Moi alizichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi na biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku, walikuwa wamebaki chini ya elfu ishirini. Mwaka 2015 watafiti watatu, Patrick Chiyo, Vincent Obanda na David Korir, walichapisha matokeo ya kulinganisha pembe za ndovu waliopimwa kusini mwa nchi kati ya mwaka 1966 na 1968, kabla ya maangamizi, na za ndovu waliopimwa baada yake. Miongoni mwa wale walionusurika, pembe za madume zilikuwa ndogo kwa asilimia 22 hivi, na za majike kwa asilimia 37. Hilo peke yake si ajabu, kwa kuwa wenye pembe kubwa ndio waliouawa. Linalostahili kututia fikira ni watoto wao. Ndovu waliozaliwa baada ya mwaka 1995, ambao hawakuziona bunduki za miaka ile, nao pembe zao zilikuwa zimepungua kwa asilimia 21 kwa madume na 27 kwa majike.

Nilimwuliza yule kijana kama kwao wanalima mahindi. Akasema ndiyo. Nikamwuliza mama yake huchagua magunzi gani ya mbegu. Akasema makubwa, yaliyojaa. Nikamwambia afikirie mkulima mpumbavu ambaye kila msimu hula magunzi makubwa yote, akapanda yale yaliyodumaa. Baada ya misimu kumi atavuna nini? Hindi halikuamua kudumaa. Aliyechagua ni mkulima. Vivyo hivyo hakuna ndovu aliyeketi akaamua jambo. Jangili ndiye aliyechagua, kwa risasi na kwa mshale wa sumu, nani azae na nani asizae. Alimchagua Satao wa Tsavo mwezi Mei 2014, ambaye pembe zake zilikaribia kugusa ardhi. Ahmed wa Marsabit aliponea kwa kuwa Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970, akafa kifo chake mwenyewe mwaka 1974, kila pembe ikiwa na uzito wa karibu kilo 67. Ni wangapi wa kizazi cha Ahmed waliopata mlinzi?

Mambo yamefika mbali zaidi Msumbiji. Katika Mbuga ya Gorongosa, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1977 hadi 1992 viliwapunguza ndovu kutoka takriban 2,500 hadi chini ya 250. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa asilimia 18 na nusu. Baada ya vita, wakawa zaidi ya nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ukosefu huo wa pembe hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na kwamba jeni inayohusika huua kijusi cha kiume.

Tuliifanya hesabu yake juu ya karatasi ya kufungia nyama. Mama asiye na pembe ana X mbili, moja nzima na moja yenye kasoro, naye humpa kila mtoto moja. Tuseme amepata mimba nane, nne za kike na nne za kiume. Katika mabinti wanne, wawili watapata ile yenye kasoro, wataishi, nao watakuwa hawana pembe. Katika wana wanne, wawili wataipata, nao watakufa kabla ya kuzaliwa, kwa sababu dume ana X moja tu, hana nyingine ya kumkinga. Watazaliwa sita: majike wanne na madume wawili. Kijana aliitazama ile karatasi iliyolowa mafuta. "Kwa hiyo," akasema polepole, "anayeua mwenye pembe anaua pia wasiozaliwa." Sikuwa na la kuongeza.

Kuna watakaosema kwamba afadhali ndovu bila pembe kuliko pembe bila ndovu. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini ndovu bila pembe hawezi kuubanja mwamba wa Kitum, na hawezi kuambua gome kama mwenzake. Wala haijulikani ni vizazi vingapi vitapita kabla ya kilichopotea kurudi, iwapo kitarudi. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu ndovu zaidi ya 36,000 nchini Kenya, na hilo ni jambo la kushukuru. Sensa huhesabu vichwa. Haipimi kilichopungua katika kila kichwa.

Tulipokuwa tukiingia garini, yule msichana alikuwa ameifunga ala ya pembe ya mbuzi katika karatasi ili aende nayo shuleni. Mwalimu wake alimruhusu kwa sharti kwamba ataioshea nje.

Ama wewe uliyekuwa na shangazi Arusha: sasa utakuwa mtu mzima wa makamo, labda na watoto wako shuleni. Kama unalisoma gazeti hili, jibu lako lilikuwa sahihi. Alama zako mbili ninakurudishia, na kicheko cha darasa lile niwie radhi.